Mtu Unayeweza Kumfahamu

Benchi ni langu. Naanza na hilo kwa sababu wanaolikalia wameshasahau, na ukiwauliza watakwambia ni mali ya umma. Nililipiga misumari mwenyewe, nikaliweka nje ya kibanda changu cha kunyolea ili wateja wapate pa kusubiria, lakini tangu hapo mteja akija husubiri kwa miguu yake. Karibu na mlango hukaa Ibara, karani mstaafu, ambaye hata akiomba sukari huiomba kama anasoma sheria. Katikati hukaa Bando, muuza vocha na fundi simu wa mtaa, mwenye marafiki elfu tatu mtandaoni na ambaye akiumwa jino huja kulia kwangu. Mwisho wa benchi, penye meza ya viatu, hukaa Soli, fundi viatu, mtu mpole mpaka unaweza kusahau kama yupo. Shangazi, mwenye chupa ya kahawa, hakai. Anasema akikaa tutadhani ni mwenzetu. Mimi wananiita Wembe. Asubuhi hiyo nilikuwa na kichwa cha mtu mkononi, upande mmoja umeshaisha, niliposikia Soli anapiga kelele. Soli huwa hapigi kelele. Nilimwacha mteja na nusu ya nywele zake, nikatoka mbio.

Soli: Oneni wenyewe! Oneni matusi haya!

Alikuwa ameishika simu kwa vidole viwili, mbali na mwili, kama aliyeshika panya kwa mkia.

Ibara: Tulia, Fundi. Soma kwa sauti, shauri lisikike.

Soli: "Mtu unayeweza kumfahamu." Halafu picha. Mnamjua huyu?

Tukainama wote. Mwanamume wa makamo, ndevu zimechongwa vizuri (hilo lazima nilitazame), tabasamu la mtu aliyeambiwa atabasamu.

Bando: Mimi simjui.

Soli: Ni kaka yangu!

Shangazi: Kaka wa kuitana, au kaka wa tumbo moja?

Soli: Tumbo moja, Shangazi. Ziwa moja, shuka moja. Na hii simu inaniambia eti ninaweza kumfahamu. Ninaweza! Kama vile nikijitahidi sana!

Habari za kaka huyo tulikuwa nazo vipande vipande, maana Soli huzitoa kidogo kidogo, na mara nyingi akiwa na misumari mdomoni. Siku ya kumzika baba yao, kaka mtu alisimama mbele ya watu kuzungumza kwa niaba ya familia. Akawataja watoto wa marehemu. Alimtaja dada, akajitaja yeye, akamtaja hata mjukuu aliyekuwa bado mgongoni. Soli alikuwa amesimama palepale na koleo mkononi, na hakutajwa. Watu walisema ni uchungu, mtu akifiwa ulimi hupotea njia. Soli hakungoja maelezo, aliondoka kabla udongo haujasawazishwa. Baada ya hapo dada ndiye aliyekuwa akibeba salamu, za huyu kwa yule, mpaka naye akafariki, na siku ya msiba wake ndugu hao wawili walisimama kila mmoja upande wake wa kaburi. Kisha simu ya zamani ya Soli ikazama kwenye beseni la kulowekea ngozi, na namba zote zikazama nayo. Hapakubaki kitu kati yao ila hasira, na kwa jicho langu mimi, hata hasira yenyewe ilikuwa imeshachakaa ikageuka hamu.

Soli: Miaka yote kimya. Leo ananiomba urafiki! Jamani, undugu unaombwa? Ukiona ndugu anakuomba urafiki, ujue undugu kaufuta, anakuanza upya, kama mtu mliyekutana kwenye foleni ya maji.

Ibara: Kisheria huko ni kushushwa cheo. Ndugu kufanywa rafiki ni sawa na meneja kufanywa mlinzi wa geti. Unaweza kukata rufaa.

Bando: Mzee Ibara, usimchanganye mwenzako. Hebu lete hiyo simu, Fundi. Eeh. Huyu hajakuomba kitu. Hili ni pendekezo tu. Yeye mwenyewe huenda hata habari hana.

Soli: Sasa nani kanipendekezea kaka yangu?

Bando: Mtandao.

Soli: Mtandao ni nani?

Bando alifungua mdomo, akaufunga, akanywa kahawa kwanza. Nimechunguza nikaona hivi: mtu akiulizwa swali hilo lazima anywe kitu kwanza.

Bando: Mtandao si mtu. Ni... ni watu. Watu wote kwa pamoja, wamefungwa kamba. Wewe unanijua mimi, mimi namjua Wembe, Wembe anamjua mke wake...

Mimi: Mke wangu muache alipo.

Bando: ...mkewe ana shoga yake, shoga yake anafahamiana na kaka yako. Basi. Mtandao unazihesabu kamba zote hizo, unasema huyu na huyu lazima wanajuana.

Shangazi: Hiyo si ndiyo kazi yangu? Mimi nimeunganisha ndoa ngapi mtaa huu, tena bila kuweka bando?

Ibara: Neno lenyewe linajieleza. Mtandao, utando. Utando wa buibui. Ukigusa huku, kule unatikisika. Swali la msingi ni moja tu: buibui yuko wapi?

Bando: Hakuna buibui, mzee.

Ibara: Utando usio na buibui? Vyaelea, vimeundwa. Yupo, kajibanza pembeni, anangoja inzi. Na inzi wa leo ni Fundi.

Soli: Mimi nilitaka tu kuangalia aina mpya za gundi!

Ibara: Inzi wote husema hivyo.

Shangazi akammiminia Soli kikombe bila kuulizwa, akamgeukia Bando. Alikuwa ameshika chupa ya kahawa kwapani kama mwalimu aliyeshika fimbo.

Shangazi: Nieleweshe, mwanangu. Huyu akikubaliwa anakuwa rafiki. Wafuasi nao ni akina nani? Maana wewe unajisifu una marafiki na una wafuasi, utafikiri nabii.

Bando: Shangazi, kuna mitandao na mitandao. Kuna ule wa kuombana: unaomba, mwenzako anakubali, ndipo mnaonana. Halafu kuna ule wa kufuatana: unamfuata mtu tu, yeye hata hakujui, unaangalia alichokula, alichovaa, alikokwenda.

Shangazi: Kwa hiyo kuna mtandao wa kuposa na mtandao wa kuchungulia.

Bando: Aa, Shangazi...

Shangazi: Nimekosea wapi?

Tulitafuta alipokosea, hatukupaona. Ibara akasema haba na haba hujaza kibaba, na sote tukaitikia kwa kichwa, ingawa sidhani kama yupo aliyejua inahusiana vipi. Soli peke yake hakuitikia. Alikuwa bado anakitazama kioo cha simu.

Soli: Mimi mnanipoteza. Namba yake sina. Dada hayupo tena. Sijamwambia mtu. Hii simu ilijuaje kwamba huyu ni wangu?

Mimi: Inasikia. Msinicheke. Juzi nilimwambia mteja mmoja mba zake zinahitaji mafuta. Tangu siku hiyo simu yangu inanitangazia mafuta ya mba asubuhi na jioni. Mimi sina mba! Ilisikia sauti, haikujua kichwa ni cha nani. Sasa wewe, Fundi, simu unaiweka mfuko wa aproni, na kila ukishona kiatu unamtaja kaka yako.

Soli: Simtaji.

Shangazi: Unamtaja, baba.

Soli: Mimi?

Shangazi: Jana tu. Ulikuwa unahangaika na lile buti la askari, ukasema, "Kaka angekuwepo angenishikia hii ngozi."

Soli aliisogeza simu karibu na sikio kidogo, nadhani kuona kama inapumua.

Ibara: Ndiyo maana wahenga walisema, kikulacho ki nguoni mwako!

Bando: Mzee, simu haili mtu.

Ibara: Bando lako linaliwa na nani?

Na Ibara akishambana mtu kwa hoja huwa hashikiki. Akavuta miwani, akatoa nadharia ambayo mpaka leo sijui aliitoa wapi.

Ibara: Sikilizeni. Simu za mtaa huu zinachajiwa wapi? Kwa Wembe, kwenye soketi moja. Zinalala pale ubavu kwa ubavu, hii imeegemea ile. Mnadhani zinafanya nini muda wote huo? Zinasalimiana. Zinabadilishana habari za wenyewe. Simu zikishakutana zinajuana. Kwa hiyo, Fundi, kama simu yako imemjua kaka yako, ujue simu zenu zimekutana. Kaka yako amepita mtaa huu.

Bando: Haiwezekani hata kidogo!

Lakini Soli alikuwa ameshasimama. Aliweka chini kiatu cha watu, akajifuta mikono kwenye aproni, akatazama barabara upande wa juu, kisha upande wa chini. Pale mama mmoja alikuwa anavuka na ndoo, na mwendesha baiskeli anajaza tairi upepo kwa pampu ya mkono. Soli aliwatazama wote kwa zamu, uso kwa uso. Nilijisikia vibaya. Tulikuwa tunacheza na kitu cha mtu.

Soli: Angepita angeniona. Meza yangu inaonekana tangu kule kona.

Shangazi: Kaa, baba. Kahawa inapoa.

Ndipo mteja wangu alipochomoza mlangoni, kitambaa bado shingoni, kichwa upande mmoja kinang'aa na upande wa pili msitu.

Mteja: Kinyozi! Na mimi je?

Ibara: Mwenzako akinyolewa, zako tia maji.

Mteja: Mwenzangu yupi? Anayenyolewa ni mimi!

Bando alicheka hadi kahawa ikampalia. Akamsogezea nafasi, akamwambia, "Karibu, Nusu, kaa hapa," na kuanzia dakika hiyo akawa Nusu. Hivyo ndivyo watu wanavyoingia kwenye benchi langu. Alipoelezwa kinachoendelea hakucheka kama tulivyotarajia. Alikuna upande ulionyolewa, akafikiri.

Nusu: Mimi ule mtandao siuamini. Unajua kwa nini? Haujui kufa. Jirani yangu alifariki, tumemzika mimi nikiwa mmoja wa wabebaji. Lakini kila mwaka simu inaniambia leo ni siku yake ya kuzaliwa, nimtakie heri. Na watu wanamtakia! Wanamwandikia, "Miaka mia, mzee, tupo pamoja."

Shangazi: Pamoja wapi?

Nusu: Ndiyo nashangaa. Yupo kule kama kawaida, picha yake inacheka. Mwezi uliopita ameambiwa mimi ni mtu anayeweza kumfahamu. Au mimi nimeambiwa yeye. Sijui. Nilizima simu.

Hakuna aliyecheka. Nusu alikuwa hajui amesema nini na mbele ya nani. Soli aliuangalia uso wa kaka yake kwenye kioo, ule wenye tabasamu la kuambiwa, akaufuta vumbi kwa pindo la aproni.

Soli: Kwa hiyo inawezekana huyu...

Shangazi: Usiseme, baba. Neno halina mguu, lakini hufika.

Soli: Nani angeniambia? Dada ndiye aliyekuwa anatuambia. Kama yamempata, nani angejua pa kunipigia? Bando, nakuomba. Angalia kama yupo.

Sijawahi kumsikia Soli akiomba kitu. Hata Ibara alivua miwani. Bando aliipokea simu kwa mikono miwili, na kwa mara ya kwanza nilimwona anaitazama kazi yake kwa hofu.

Bando: Rahisi tu, Fundi. Nafungua ukurasa wake. Pembeni ya picha kukiwa na kidoti cha kijani, yupo hewani sasa hivi. Kisipokuwepo, nashuka ukutani kwake, naangalia mara ya mwisho kaandika lini.

Ibara: Ukutani?

Bando: Ndiyo, kila mtu kule ana ukuta wake. Mtu unaandika, wenzio wanasoma, wanapiga dole.

Ibara: Usiguse! Mpiga ngumi ukuta huumiza mkonowe!

Na alipokuwa akisema hivyo alimkamata Bando kiwiko. Kidole gumba cha Bando kikateleza. Simu ikatoa mlio mdogo, kama tone la maji kwenye sufuria, na palipokuwa pameandikwa "Ongeza rafiki" pakaandikwa kitu kingine.

Soli: Umefanya nini?

Bando: Mzee Ibara, umefanya nini?

Ibara: Mimi nimeshika kiwiko tu. Kiwiko si kidole.

Soli: Imeandikwa nini hapo? Nisomeeni!

Bando: "Ombi limetumwa."

Soli: Ombi la nani?

Bando: Lako.

Soli: Mimi? Mimi ndiye nimemwomba? Niliyesahauliwa mbele ya kaburi la baba, nimeshika koleo, leo ndiye niombe? Tena urafiki?

Alikuwa anapiga kifua kwa nyundo ndogo ya viatu, ile yenye kichwa cha duara, na Shangazi ilibidi aichukue taratibu mkononi mwake.

Bando: Naweza kulifuta, Fundi. Kuna sehemu ya kufuta ombi. Nikifuta sasa hivi huenda hajaliona.

Nusu: Na kama ameshaliona?

Bando: Basi ataona umeomba, halafu ataona ombi halipo.

Ibara: Hiyo ni mbaya zaidi. Maji yakimwagika hayazoleki, na ukijaribu kuyazoa unaonekana.

Mimi: Wewe usiseme tena leo.

Shangazi: Na kile kidoti? Ninyi mnabishana tu. Kidoti kipo au hakipo?

Tulikuwa tumekisahau. Vichwa vyote vikagongana juu ya simu, cha Nusu kikanichoma kwa upande wake wenye nywele.

Bando: Kipo.

Soli: Rangi gani?

Bando: Kijani. Yupo, Fundi. Sasa hivi. Kaishika simu, anaangalia kama unavyoangalia wewe.

Ibara: Isipokuwa kama simu kaishika mtu mwin...

Shangazi alimtupia kitambaa cha kufutia vikombe usoni. Soli alikaa chini. Hakukaa kwenye benchi, alikaa chini kabisa, kati ya viatu vya watu, na machozi yakamtoka bila kelele yoyote.

Soli: Mzima. Alhamdu... Mungu wangu. Yule mpumbavu ni mzima.

Bando: Basi nifute ombi?

Soli: Usifute.

Bando: Lakini umesema...

Soli: Usifute, nimesema. Liache.

Nikamtazama Ibara, Ibara akanitazama mimi. Tulikuwa na furaha na hatukujua tuiweke wapi. Nusu, ambaye alikuwa amemjua Soli kwa muda wa kikombe kimoja cha kahawa, alikuwa anajifuta macho kwa kitambaa changu cha kunyolea na kujijaza nywele usoni. Kama si Shangazi tungebaki hivyo mpaka mchana.

Shangazi: Bando, mwanangu, nieleze jambo. Huyo kaka akilifungua ombi, anaona nini? Anaona sura ya fundi?

Bando: Anaona picha yake ya akaunti. Na jina.

Shangazi: Hebu nionyeshe.

Bando akabonyeza, akabonyeza tena. Akaigeuza simu. Ilikuwa picha ya kiatu. Buti moja jeusi, limepigwa rangi likang'aa, limewekwa juu ya kigoda. Na chini yake jina: Kiatu Kipya Daima.

Mimi: Fundi, hii ni nini?

Soli: Binti yangu ndiye aliyenifungulia. Alisema biashara kwanza, sura haiuzi.

Nusu: Kwa hiyo mtu huyo anaombwa urafiki na buti?

Ibara: Kisheria...

Mimi: Mzee!

Ibara: Niacheni nimalize. Kisheria aliyeomba ni buti. Fundi hahusiki. Heshima yake iko palepale. Kama akikataliwa, limekataliwa buti.

Bando: Na kama akikubaliwa?

Hilo Ibara hakuwa amelifikia.

Mimi: Si tubadilishe picha? Tumpige sasa hivi, tuweke sura yake. Fundi, inuka. Ngoja nikupunguze ndevu kidogo, kaka yako anajipenda, asikuone hivi.

Nusu: Ndevu zake kwanza, mimi nabaki hivi hivi?

Tukamwinua Soli. Shangazi akamfuta uso kwa pindo la khanga yake, akamfungua vifungo vya aproni, akamfunga tena. Bando akarudi nyuma na simu, akapiga picha ya kwanza, ikatoka Soli amefumba macho. Ya pili kikatokea kidole. Akiwa anajiandaa kwa ya tatu, simu ikalia mkononi mwake.

Bando: Jamani.

Soli: Nini?

Bando: Amekubali.

Nusu alipiga makofi. Mimi nilimkumbatia Soli, aproni na gundi na yote. Ibara akatangaza kwamba ndugu wakigombana shika jembe ukalime, wakipatana shika kapu ukavune, na safari hii methali iliangukia mahali pake, naye mwenyewe akashangaa. Lakini Soli alikuwa amesimama tu mikono ikining'inia.

Soli: Amemkubali nani?

Bando: Wewe.

Soli: Si mimi. Amekubali buti. Amejua ni mimi, au amekubali tu?

Mimi: Amejua. Viatu tu, nani mwingine katika maisha yake anashona viatu?

Nusu: Au anatafuta fundi.

Bando: Mimi nina marafiki elfu tatu, na kusema kweli wengi sikuwatazama hata usoni. Mtu anaomba, unakubali, unaendelea. Ndiyo desturi ya kule. Lakini huyu amekubali haraka mno. Mtu hakubali buti haraka hivyo bila sababu.

Shangazi: Rafiki ambaye hujamtazama usoni ni rafiki gani?

Bando: Ni... wa mtandaoni, Shangazi.

Soli: Kwa hiyo sasa mimi na yeye ni nini? Ndugu, au marafiki? Nikifa anakuja kama nani?

Sisi ambao tangu asubuhi tulikuwa na jibu la kila kitu tukaanza kuangalia vikombe. Na simu ikalia tena. Safari hii haikuwa tone la maji, ilikuwa mlio wa ujumbe. Soli aliichukua kutoka kwa Bando. Aliusoma kwanza kimoyomoyo, midomo ikicheza, kisha akatusomea kwa sauti ambayo haikuwa yake.

Soli: "Habari. Samahani, tunafahamiana?"

Magari yalikuwa yanapita, nadhani, kwa sababu huwa yanapita. Mimi sikuyasikia.

Soli: Ananiuliza kama tunafahamiana.

Ibara alifungua mdomo. Nilimwona akipekua methali moja baada ya nyingine. Akaufunga.

Soli: Mguu wake wa kushoto ni mkubwa kuliko wa kulia. Viatu vyake vyote vya shule nilivipanua mimi, kwa kushindilia magazeti yaliyoloweshwa. Anaogopa chura. Akilala anasaga meno. Hayo najua. Ana watoto wangapi sasa? Sijui. Anaumwa? Sijui. Alinisahau kweli siku ile, au aliniruka makusudi? Sijui. Sikumuuliza. Nimjibu nini, jamani? Tunafahamiana?

Akamrudishia Bando simu, akavuta aproni, akaifunika uso wake wote. Mabega yalikuwa yanapanda na kushuka.

Shangazi: Mjibuni basi. Mtu anasubiri huko. Kidoti kipo?

Bando: Kipo.

Shangazi: Andika, mwanangu. Mwandikie vizuri, kwa heshima. Huyo ni kaka mtu.

Bando aliandika polepole, akitusomea kila neno: "Ndiyo, kaka. Tunafahamiana. Ni mimi mdogo wako..."

Kidole kikasimama hewani. Akatutazama mmoja mmoja.

Bando: Jamani, jina lake nani?

Nusu: Si Soli?

Bando: Soli tumempa sisi. Kaka yake hajui Soli.

Akamwangalia Ibara. Ibara, aliyekaa na mtu huyo benchi moja tangu alipostaafu, akaanza kufuta miwani ambayo ilikuwa safi. Shangazi, aliyemmiminia kahawa asubuhi zote hizo na kumwita baba, akaweka chupa chini. Kisha wote wakanigeukia mimi, mwenye benchi.

Sikuwa nalo. Soli alikuwa bado amejifunika aproni usoni, na tukasubiri aifunue ndipo tumuulize.